Nta, Asali na Ngazi ya Tatu

BARAZA YA JUMAMOSI
Na Ramadhani Kasonso, Mpanda

Mama mmoja wa Makanyagio, jirani yangu wa miaka mingi, alinijia barazani wiki iliyopita baada ya sala ya alasiri, mkononi ameshika matokeo ya kidato cha nne ya kitindamimba wake, karatasi aliyoikunja na kuikunja tena kama mtu anayesitiri aibu ya nyumba yake. Na baada ya maamkizi na kujuliana hali, akaniuliza kwa sauti ya chini swali ambalo tangu siku ile halijanitoka moyoni. "Mwalimu," alisema, "huyu nikimpeleka VETA, masomo yake ndiyo yamekwisha?"

Nilimjibu kwamba hayajakwisha, na kwamba njia ya kutoka katika ufundi stadi hadi stashahada, na kutoka stashahada hadi shahada ya uhandisi, imo katika taratibu za nchi hii wala si hisani ya mtu. Alipokwisha kwenda zake nilitambua kuwa jibu langu, ingawa lilikuwa la kweli, halikuwa kamili. Maana njia hiyo ina kizingiti, na wengi wa vijana wetu wa Katavi hurudi nyumbani wakiwa wamebakiza hatua moja tu kukivuka, wala hapana aliyewaeleza kuwa kipo. Leo nataka kukieleza kizingiti hicho kwa kadiri ya uwezo wangu, kwa ajili ya mama yule na kwa ajili ya wazazi wote watakaokuwa na karatasi kama ile mikononi.

Mafunzo ya VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, yamepangwa katika ngazi tatu, na kila ngazi ina cheti chake. Juu ya ngazi hizo zimo nyingine, zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambalo kwa kifupi huitwa NACTVET: ya nne na ya tano ni za astashahada, ya sita ni stashahada yenyewe, ya saba ni stashahada ya juu, na ya nane ni shahada. Mwanafunzi aliyefaulu masomo manne katika kidato cha nne, yasiyokuwa ya dini, na yakiwamo yale ambayo kozi yenyewe inayataka, aweza kuingia ngazi ya nne moja kwa moja. Yule ambaye hakufikisha manne hakufungiwa mlango, kwani kwa kozi nyingi za ufundi cheti cha ngazi ya tatu cha ufundi stadi, pamoja na ufaulu wowote mdogo ambao chuo husika kitauweka kuwa sharti, humtosha kuwa idhini ya kuingia. Nimesema cha ngazi ya tatu. Cha kwanza hakitoshi, na cha pili hakitoshi, hata mwenye nacho awe amefunga umeme wa nusu ya mji huu kwa mikono yake mwenyewe.

Nasema hivyo kwa kuwa namjua kijana wa namna hiyo. Ni mpwa wangu, aliyemaliza sekondari na masomo mawili tu ya kufaulu, akajifunza umeme wa majumbani hadi ngazi ya pili, na kwa kuwa Mpanda ilikuwa inajengwa kwa haraka na kazi zilikuwa zinamfuata hadi mlangoni, akaona kurudi chuoni kwa ajili ya ngazi ya tatu ni kupoteza riziki iliyokwisha mfikia. Hakukosea kuipenda riziki yake, kwani alikuwa na mama wa kumlisha na wadogo wa kuwalipia michango ya shule. Lakini ilipofika zamu ya kuomba stashahada, baada ya miaka mitano ya kazi njema ambayo kila aliyemwajiri aliishuhudia, aliambiwa na chuo alichokiomba kwamba karatasi zake hazifiki, na siku ile nilimwona mtu mzima akikaa juu ya kisanduku cha zana zake na kunyamaza kwa muda mrefu. Lau angepata mtu wa kumpa nasaha alipokuwa na miaka kumi na tisa, angeitafuta ngazi ya tatu kabla mji haujampenda kiasi hicho.

Mji wetu una historia ya jambo hili, tena si ya juzi. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210, ilifika Mpanda mwaka 1950, na haikuletwa kwa ajili ya asali wala mpunga. Ililetwa kwa ajili ya risasi ya Mukwamba, madini yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira. Wahandisi na wasimamizi walitoka ng'ambo, na wazee wetu walipewa sururu na koleo. Na mgodi ulipofungwa, karibu na mwaka 1960, waliokuja na maarifa waliondoka nayo, na waliobaki walibaki na nguvu za mikono yao ambazo hapana karatasi iliyozithibitisha. Nilipokuwa kijana nilimsikia mzee mmoja akieleza kwa usahihi kamili namna mashine ya kusagia mawe ilivyofanya kazi, sehemu kwa sehemu, naye maisha yake yote aliandikwa katika vitabu vya ijara kuwa kibarua.

Sasa neema inarudi kwa sura nyingine, nami nahofia tusije tukaipokea kwa namna ile ile. Mkoa huu uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa umepata barabara ya lami ya kwenda Tabora, umepata bandari ya Karema katika ziwa la Tanganyika, na baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli umevutiwa njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Vitu hivi vinahitaji watu wa daraja la kati, ambao serikalini huitwa mafundi sanifu: wale wanaosimama baina ya mhandisi anayechora na fundi anayefunga, wanaoisoma michoro na kuitafsiri kwa mikono, na ambao wakikosekana mhandisi huhangaika na fundi hubahatisha. Fundi sanifu ndiye mwenye stashahada. Na kama hatakuwa mtoto wa Kawajense au wa Katumba, atakuwa mtoto wa mahali pengine, ambaye simchukii, lakini atakayeomba uhamisho kabla ya mvua ya pili.

Sera ya Elimu na Mafunzo katika toleo lake la mwaka 2023 imeyaingiza mafunzo ya ufundi ndani ya shule za sekondari, na imeyapa jina ambalo mimi binafsi nililipokea kwa furaha: mkondo wa amali. Ndugu zetu wa Zanzibar wamelitumia neno hilo kwa muda mrefu, wakiita mamlaka yao Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na wahenga wa pwani walikwisha kutuusia kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mtu wa Dar es Salaam ausikiapo usemi huo huenda akauona kuwa pambo la maneno. Bali Mkonongo wa Inyonga, aliyepanda mtini usiku na moshi wake na kushuka na sega, anajua uzito wa kila neno lililomo. Anajua pia jambo ambalo usemi wenyewe haukulitaja, nalo ni kwamba asali isiyo na nta ya kuishika humwagika.

Na hapa sharti nikae kidogo juu ya asali, maana ndiyo njia iliyo karibu nasi kuliko zote na ndiyo tuizungumzayo kwa uchache zaidi. Msitu wa Mlele umelisha watu kwa nyuki tangu zama ambazo hapana aandikaye habari zake. Mizengo Pinda, mwana wa Kibaoni aliyekuwa Waziri Mkuu, alipata kuwa mtetezi mkubwa wa ufugaji nyuki. Na huko huko Mpimbwe Chuo Kikuu cha Sokoine kimeweka kampasi inayobeba jina lake. Tabora kuna Chuo cha Nyuki, ambako kijana husoma cheti na kuendelea hadi stashahada. Basi tazama: mtoto aliyezaliwa Inyonga aweza kujifunza kwa babu yake kutega mzinga, akajifunza useremala wa mizinga ya kisasa katika chuo cha ufundi au katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Msaginya, akapanda basi kwenda Tabora kwa ajili ya stashahada, na akaendelea na elimu ya juu katika mkoa aliozaliwa. Sijui sehemu nyingi za nchi hii ambako kijana aweza kupanda kutoka kwenye mti hadi chuo kikuu bila ya kuiacha kazi ya ukoo wake. Hata hivyo, nilipowauliza vijana sita wa kidato cha nne, wote wenyeji wa Mlele, ni nani kati yao aliyefikiria kusomea nyuki, walicheka kwa haya, na mmoja akasema kwamba nyuki ni kazi ya wazee.

Mkondo wa amali ulianza Januari 2024 kwa kidato cha kwanza katika shule 96 nchini, 28 za serikali na 68 za binafsi, na wanafunzi wake wanatarajiwa kutoka na ithibati mbili, ya sekondari na ya ufundi. Hao watamaliza kidato cha nne mwaka 2027. Mwaka huo huo, kwa sababu elimu ya msingi imepunguzwa kuwa ya miaka sita, darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na Januari 2028 wote wataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Kila mtu katika halmashauri zetu tano azungumzia madarasa na madawati ya wale watakaoingia, na ni haki kuyazungumzia. Lakini wale watakaokuwa wanatoka, wa kwanza kabisa kuwa na cheti cha amali, wataelekea wapi? Stashahada ya umeme, ya ujenzi, ya mitambo, iko wapi hapa Katavi? Mtoto wa Karema hutazama Mbeya, Arusha na Dar es Salaam. Na ingawa serikali iliondoa ada ya mafunzo ya ufundi katika vyuo vya miji hiyo, yaani DIT, MUST na ATC, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 ikafungua mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, nauli na chumba cha kupanga havikufutwa na bajeti yoyote.

Chuo huweza kukua mahali kilipo. Watu wa Mombasa walikuwa na Chuo cha Elimu ya Kiislamu, ambacho Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja alikuwa miongoni mwa waliokichangia, na ambacho mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiliwapokea vijana wa Kiislamu wa pwani ili wajifunze ufundi. Chuo hicho hicho, katika uwanja ule ule, kilifika kuwa Politekiniki ya Mombasa mwaka 1972, na leo ni chuo kikuu cha ufundi. VETA yetu ya Mpanda iko katika mji wenye reli, lami na umeme, na sioni kwa nini isiwe na azma kama hiyo. Angalau kila fani inayofundishwa pale iwe na uhakika wa ngazi ya tatu, ili asiwepo kijana wa kusimamishwa kizingitini kwa kukosa darasa.

Lipo pia jambo moja ambalo wazazi hawapendi kulisikia, nami nitalisema kwa kuwa nilifundisha kwa miaka mingi. Fundi stadi aghalabu hufunzwa kwa Kiswahili, na kwa kushika na kuona. Stashahada husomwa kwa Kiingereza, nayo hudai hisabati na fizikia bila huruma. Kijana anayedhani kwamba kwenda ufundi ni kuagana na hisabati atavuka kizingiti na kuanguka sebuleni. Nimewaona walioanguka hivyo, tena si wajinga. Walikuwa mafundi bora, waliokosa mtu wa kuwaonyesha kwamba kile walichokuwa wakikifanya kwa jicho kilikuwa ni hesabu tangu mwanzo.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa shule zetu, kwa taadhima zote, kwamba kabla mwanafunzi wa kidato cha nne hajajaza fomu yake ya uchaguzi, ile waiitayo Selform, aitwe pamoja na mzazi wake, aonyeshwe ngazi zote tangu ya kwanza hadi ya nane, na aambiwe wazi ipi inamfikisha wapi. Kazi hiyo haihitaji fedha, yahitaji alasiri moja na ubao. Nami niliyestaafu nipo, na wenzangu wapo, tuitwe.

Mpwa wangu amejiandikisha upya kuwa mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Jumamosi hukaa nami hapa barazani na daftari la hisabati, mikono yake ikiwa bado na vumbi la ukuta aliokuwa akiuchimba asubuhi, na juma lililopita tulipokuwa katika pembe za pembetatu aliniuliza kama hiyo ndiyo sababu bomba la waya likikunjwa kwa nyuzi thelathini hula urefu ule ule kila mara. Nikamwambia ndiyo. Akaliandika. Mtihani wake ni Novemba.