Simba mupya hajui kulia

Vakansi zikifika, mu nyumba zetu televizio haipumziki kama umeme iko. Watoto wanaangalia, siye wazazi tunapita tu: mumoja anatoka ku posta ya usiku, mwingine anatafuta makala ya mbabula. Tunasema: "Waache, ni filme ya batoto." Leo tunapenda kusema neno moja juu ya hizo filme za watoto. Wenye kuzitengeneza wameanza kutuuzia bukari ya jana iliyopashwa moto, na watoto wetu njo wanakula.

Tuchukue ile ambayo karibu kila nyumba inaijua: Le Roi Lion. Ilitoka mwaka 1994, kazi ya Disney ya Marekani. Ilikuwa desen anime: Simba na baba yake Mufasa walichorwa kwa mukono. Siye wasemaji wa Kiswahili ilitugusa upesi, maana majina ni ya kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Hata "hakuna matata", hakuna aliyehitaji kututafsiria. Matata tunayajua vizuri.

Mwaka 2019, Disney ileile ilirudilia hadithi ileile, chini ya uongozi wa Jon Favreau. Safari hii wanyama walitengenezwa na ordinatere, mpaka ungesema ni simba wa kweli wa porini. Manyoya yanatembea na upepo, mavumbi yanaruka. Filme ya kwanza ilikuwa na dakika 88, hii mupya iko na dakika 118. Iliingiza zaidi ya miliari 1,5 ya dola. Kwa mufuko wa wenyewe, hakuna hasara.

Lakini watu wengi waliokomaa na ile ya zamani walibaki na moyo baridi. Juu ya nini? Si sauti: mu Kifaransa, Mufasa ni Jean Reno mu filme zote mbili. Si hadithi pia, ni ileile. Tatizo ni sura. Simba wa kweli hana namna ya kucheka, hana namna ya kulia. Anafungua kinywa, anafunga, basi. Wachoraji wa 1994 walimupa nyusi kama za mutu na macho yenye kujaa machozi. Walijua kama mutoto anasoma sura mbele ya kusikia maneno.

Angalia pahali baba anakufa. Nyumbu wamepita mbio, Mufasa amelala mu mavumbi. Mutoto anamukaribia, anamusukuma, anamwambia aamuke. Mu ile ya kuchora, sura ya Simba inaonyesha yote: kwanza anatumaini, kiisha anaogopa, kiisha anaelewa. Mu ile ya 2019, sauti inalia lakini sura iko kama ya paka anayengojea chakula.

Kwa mwingine hii ni mambo kidogo. Kwetu si kidogo. Mu makartie ya wachimbaji, kuko nyumba ambamo baba alitoka asubuhi kwenda ku mugoti na jioni hakurudi. Udongo ulimufunika. Na mutoto wa nyumba ile, mara ngapi anafichwa habari? Wanamutuma kwa jirani, wanamwambia "papa yako alisafiri". Kilio kinaisha, watu wanarudi kwao, yeye anabaki na swali lake. Tena anaweza kujihukumu mwenyewe: "Asubuhi nilimukasirisha papa, njo maana." Mu filme, Scar, ndugu ya baba, anamutia Simba mawazo hayohayo, na mutoto anakimbia nayo miaka mingi. Filme ya 1994 ilimupa mutoto aliyefiwa sura inayofanana na yake. Kwa mutoto asiyekuwa na mutu wa kumwelezea, ile ni musaada mukubwa.

Kuko na jambo lingine. Mu ile ya zamani, muzee Rafiki anamupiga Simba fimbo ku kichwa. Simba analalamika, muzee anamujibu kama imekwisha kupita. Ndiyo, mambo ya zamani yanauma, lakini unaweza kuyakimbia ao kujifunza nayo. Fimbo ya pili inakuja, Simba anainama, haimupati. Mu 2019, fimbo ile waliiondoa. Waliongeza nusu saa nzima, na shauri ya muzee wakaiacha inje.

Siye watu wa Katanga hatukatai kurudilia kazi. Ile terili ya Lubumbashi, kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyusha shaba, tangu miaka ya 2000 watu waliirudilia kwa sababu ndani yake kobalti ilibaki. Mutu anarudi kutafuta kile wazee waliacha. Lakini waliorudi ku Le Roi Lion waliacha kile wazee walipata.

Tusiseme kama zote ni mubaya. Le Livre de la jungle ya 2016, ya Favreau huyohuyo, wengi waliisifu. Mule kulikuwa mutoto wa kweli katikati ya wanyama wa ordinatere, na sura yake ilibeba hadithi. Kinyume chake, Mulan ya 2020 ilimutosha Mushu, yule dragoni mudogo wa kuchekesha, na wahusika hawaimbi tena. Kisha ikaja Pinocchio mu 2022, na Blanche-Neige mu 2025. Kama feza inaingia, zingine zitakuja.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusidanganywe na neno "mupya". Mama ao papa anayelipa mega ku telefone kwa kuvuta filme, achague. Ile ya kuchora bado iko, tena ni fupi na haimalizi mega nyingi.

Pili, wenye uwezo mu inchi hii ya shaba na kobalti wakumbuke wachoraji wetu. Jean-Michel Kibushi, Mukongomani, alitengeneza mu 1991 Le Crapaud chez ses beaux-parents, filme ya kuchora iliyotoka mu hadithi ya wazee. Kumbe inawezekana. Makampani yanayolipa maillot za timu za mupira yanaweza pia kumulipa kijana anayejua kuchora, atuletee hadithi za bibi zetu na mutoto wa muchimbaji ndani yake.

Tatu, na hii haiombi hata franka moja: pale baba ya Simba anaanguka, usiende ku jikoni. Mutoto akikuuliza "Papa yake ataamuka?", usimujibu "ni filme tu". Keti pembeni yake, umwambie kweli.