Sahani Yangu Niachieni

Watu wakisikia kwamba fulani amepasuliwa tumbo ili apungue uzito, husema moja kati ya mawili. Wa kwanza husema, "Huyo kamaliza kazi, hatakula tena." Wa pili, akimkuta fulani huyo huyo miaka mitano baadaye amekaa mbele ya sahani, humnong'oneza jirani yake, "Si alikatwa tumbo? Mbona anakula?" Mimi nilipasuliwa mwaka 2017, na kauli hizo zote mbili nimezisikia hadi masikio yamechoka. Leo, ndugu msomaji, nakuomba univumilie nizijibu kwa pamoja, kwani mama yao ni mmoja.

Kwanza tuelewane juu ya kile kilichokatwa. Katika upasuaji niliofanyiwa mimi, ambao ndio unaofanywa kwa wingi zaidi duniani siku hizi, daktari huondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa tumbo, akabakiza mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Mfuko wa mtu mzima huweza kutanuka ukachukua lita moja na zaidi. Ndizi hiyo huanza na mililita 100 au 150 hivi. Sehemu inayotupwa ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, ambayo wanasayansi wa Japani waliitambua mwaka 1999. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mtu hujishangaa: vijiko vinne vya supu vimemtosha, na hamu ya chakula imemhama kama mpangaji anayekimbia kodi. Upo na upasuaji wa aina nyingine, unaobakiza kifuko cha mililita 30 hivi na kukiunganisha na utumbo kwa chini. Huo ulianzishwa na madaktari Edward Mason na Chikashi Ito huko Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960.

Hapo ndipo wauza matumaini wanapoikatiza hadithi. Hukuonyesha picha mbili, moja ya kabla na moja ya baada, na ile ya baada aghalabu ni ya mwezi wa kumi na mbili, wakati mtu yu katika kilele cha kupungua. Picha ya mwaka wa nane iko wapi? Mpangaji yule aliyekimbia kodi, ndugu zangu, hurudi. Huja kimyakimya, na mzigo mdogo kuliko wa zamani, lakini hurudi. Ile ndizi nayo hulegea kidogo, kwani ni nyama hai, si bomba la plastiki. Vijiko vinne huwa nusu kikombe, nusu kikombe huwa kikombe kizima, na wengine hufika kikombe na nusu. Mtu anayekula kikombe kimoja cha chakula katika mwaka wa tano hajaharibu kitu; anakula kama inavyotarajiwa mtu wa mwaka wa tano ale. Kwa nini basi haambiwi mapema? Kwa nini aje kuligundua peke yake, usiku, akilia jikoni kwa kudhani kwamba tumbo lake limepasuka mishono?

Kule Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene uliokithiri, nusu yao waliopasuliwa na nusu ambao hawakupasuliwa. Upasuaji wa wakati ule haukuwa huu wa ndizi, lakini somo ni lile lile. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliofanyiwa ule wa kifuko na utumbo walipungua asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili, na baada ya miaka kumi walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25. Yaani sehemu fulani ilirudi, na kubwa zaidi haikurudi. Vifo navyo vilikuwa vichache kuliko vya wenzao. Na wale ambao hawakupasuliwa? Kwa miaka kumi na mitano wastani wa uzito wao ulipanda na kushuka kwa asilimia 2 tu. Hili nawaachia wale wanaoniuliza, kwa sauti ya kuhubiri, kwa nini sikukimbia mchakamchaka.

Hospitali iliyonipasua, ambayo siitaji, ilinipa karatasi mbili siku ya kutoka. Zimeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake nimeshauriwa kula kifua cha bata mzinga, jibini laini na mtindi usio na mafuta. Mimi ni mtu wa Tanga. Bata mzinga nimewaona wakitembea uani kwa watu wenye nafasi zao. Katika karatasi zile hapakuwa na neno ugali, wala wali, wala muhogo, wala dagaa, na hapakuwa na neno lolote juu ya mwaka wa pili. Mkono wa daktari yule ulikuwa mwema, sina la kumlaumu katika kukata na kushona. Ila ni kama fundi aliyekujengea nyumba nzuri akakukabidhi ufunguo wa nyumba ya jirani.

Maana kwetu mtu hajipimii chakula. Hupakuliwa. Na mwenye kupakua husema kwa upawa yale asiyoweza kuyasema kwa mdomo: huyu ni mkwe, huyu ametoka safari ya mbali, huyu tuligombana lakini yamekwisha. Kurudisha sahani ikiwa na chakula ni kuyarudisha maneno hayo yote kwa aliyeyasema. Wako wanaodhani kwamba sinia litaniokoa, kwa kuwa pale hakuna anayejua nani amekula kiasi gani. La hasha! Kwenye sinia kipimo ni mwendo. Watu watano wamelizunguka pilau, na baada ya dakika kumi sinia ni jeupe. Mimi mlo wangu, nikitafuna inavyotakiwa, huchukua dakika ishirini na tano. Anayekula polepole huonekana anaringa au anaumwa. Jirani mwema, kwa mapenzi kabisa, humsukumia mnofu upande wake: "Kula dada, mbona hugusi?" Mnofu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukarimu ukiniandama hivyo, siuwezi.

Kisha kuna huku kupungua kwenyewe. Nchi hii ilizika vijana wengi mno katika miaka ya 1980 na 1990, na tangu hapo mtu akikonda kwa haraka mtaa huwa na jibu lake tayari. Mwaka 2018, nilipokuwa nimetoka kilo 131 nikafika 82, shangazi yangu alipanda basi kutoka Muheza akiwa na kuku wawili wa kienyeji. Hakuniuliza kitu mchana kutwa. Usiku akanifuata chumbani, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, kama kuna jambo niambie. Mimi si mtu wa kusemasema." Nikamweleza habari ya upasuaji tangu mwanzo hadi mwisho, nikamwonyesha na makovu. Alifurahi hadi akatokwa na machozi, akamshukuru Mungu, na kesho yake akawachinja kuku wote wawili akanipakulia sahani ya mtu anayelima shamba.

Msomaji aweza kusema: mambo madogo hayo, kula kidogo uwaridhishe, yaishe. Hayaishi. Tumbo hili likizidishiwa matonge mawili tu, kifua hubana kama kimefungwa kamba, mate humtoka mtu kama povu, kisha hutapika. Mara moja si kitu. Lakini yuko anayelazimishwa leo, akatapika, kesho akaogopa chakula, keshokutwa akalazimishwa tena, hadi wiki mbili tatu zinapita hajabakiza kitu tumboni. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu. Ikiisha, mtu huanza kupepesuka, macho yakacheza, akachanganya maneno na kuwasahau watu. Na mtaani, najua kama nijuavyo jina langu, watasema amerogwa. Hata zahanati wakimtundikia dripu ya maji ya sukari kabla ya kumpa B1, hali yaweza kuwa mbaya zaidi, na ubongo ukapata madhara yasiyorudi nyuma. Aliyepasuliwa tumbo akitapika siku kwa siku, apelekwe hospitali na wahudumu waambiwe waziwazi kwamba alipasuliwa. Hilo lilistahili kuwa mstari wa kwanza katika zile karatasi za bata mzinga.

Tuje kwenye hesabu, maana ubishi wote huu unakaa katika kikombe kimoja. Mtu wa namna yangu anatakiwa apate protini gramu 60 kwa siku, angalau. Yai moja lina gramu 6. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20 na ushei. Kikombe kizima cha maharage yaliyopikwa kina kama 15, lakini kikombe kizima ndio tumbo langu lote, hamna tena nafasi ya kitu kingine. Sasa tazama tunavyokula. Tonge la ugali kwanza, kubwa, lichovywe kwenye mchuzi, la pili, la tatu, na samaki anabakizwa mwisho, kwa utamu. Kwa mwenye tumbo la lita moja hakuna neno, vyote vitafika. Kwangu mimi matonge matatu yakitangulia, mlango umefungwa na samaki yuko nje. Basi naanza na samaki, au dagaa, au mayai, kisha mchicha, kisha matonge mawili madogo ya kusindikizia. Nimeitwa mlafi kwa ajili hiyo, mbele ya wakwe: eti nakimbilia mnofu! Maji siyanywi pamoja na chakula, nangoja nusu saa. Chai nayo naiweka mbali na mlo, kwani huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na sisi wa tumbo la kukatwa upungufu wa damu hutunyemelea. Vidonge vya vitamini ni vya maisha, na damu hupimwa kila mwaka: chuma, B12, vitamini D.

Na kuna adui mwenye sura ya rafiki, ambaye mimi namwita mtelezi. Mnofu wa kuku hukaa tumboni ukanishibisha masaa. Uji wenye sukari haukai. Juisi ya miwa haikai, wala aiskrimu, wala andazi lililochovywa kwenye chai ya maziwa likalainika. Vyote hivyo huteleza kwenye ile ndizi kama maji kwenye mfereji, na mtu aweza kunywa na kumumunya kutwa nzima bila kuonja shibe. Kinyume cha ajabu ni kwamba ndivyo vyakula tunavyompa mtu tukimwonea huruma: "Hawezi kula huyo, mpikieni uji." Kwa waliounganishwa utumbo sukari ina adhabu yake zaidi, maana baada ya dakika chache moyo huwaenda mbio, jasho likawatoka, wakatafuta mahali pa kulala.

Mwezi wa Ramadhani ndipo yote haya hukutana mezani kwa pamoja: tende, uji, juisi ya ukwaju, kaimati, tambi za sukari, viazi vya nazi. Mwaka wa kwanza daktari alinizuia kufunga, na miaka iliyofuata nimefunga kwa kumuuliza kila mara. Tabu yangu kubwa si njaa, ni maji. Sisi hatuwezi kugugumia. Tunakunywa mafunda mafunda, na kati ya futari na daku masaa ni machache, na kila funda linagombea nafasi na chakula. Halafu mtu anakuuliza kwa nini hukuja kwenye futari ya kwa fulani.

Leo nina kilo 90. Nimerudisha nane kati ya zile arobaini na tisa nilizozipoteza, na wako waliokwisha kunihukumu kwamba nimeshindwa, fedha zimepotea bure. Tangu lini mwenye shinikizo la damu, akipanda kidogo baada ya miaka saba ya vidonge, akaambiwa ameshindwa? Huambiwa aende kliniki. Mimi sindano za sukari nilizokuwa nikijidunga kila siku sijazigusa tangu 2018, ngazi za ghorofa ya tatu nazipanda nikiongea, na bado mwenye kuniona mara moja kwa mwaka ananipima kwa jicho kama mfanyabiashara wa ng'ombe. Hata hizi sindano mpya za kupunguza uzito zinazosifiwa sasa, mwenye kuziacha uzito humrudia. Unene wa aina hii ni maradhi ya kudumu na matunzo yake ni ya kudumu. Hospitali inayochukua mamilioni kwa saa mbili za kukata ina deni la miaka inayofuata: iite watu wake, iwapime damu, na iwaandikie karatasi kwa Kiswahili yenye ugali, dagaa, kunde na daku ndani yake.

Nanyi wenyeji wangu, ambao nawapenda na nitaendelea kuwatembelea, nikija msinipakulie. Nipeni kisahani cha chai na kijiko kidogo, nijitilie mwenyewe, na asinihesabie mtu matonge. Juisi mpeni mtoto. Nikinyamaza ninapokula, natafuna. Sina kinyongo na yeyote. Na wali utakaobaki ufunikeni tu hapo hapo mezani, saa kumi nitauulizia.