Idjwi iko mbele ya macho yetu

Ukiuliza wanafunzi wa masomo yetu wanatamani kuona nini siku moja, wengi watajibu: bahari. Watataja Zanzibar, mchanga mweupe na minazi. Sisi wa mwaka wa tano hatukatai. Lakini nani kati yetu ameshakanyaga Idjwi? Tulihesabu mu darasa: watu wane tu, na wawili kati yao njo kwao.

Kisiwa kile kina urefu wa kilometa karibu 40, katikati ya ziwa Kivu. Mamba hakuna, kiboko hakuna. Mashamba ya kahawa, migomba na mananasi yanashuka mpaka karibu ya maji. Saa ya mangaribi utaona wavuvi wakitoka: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa ziko tayari, wababa wanapiga kafi na kuimba. Usiku sambaza wanafuata mwangaza, kiisha wavu unapandishwa. Tunakula sambaza kila juma bila kujua ya kwamba si samaki wa hapa: waliletwa toka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Kusimama pwani asubuhi wakati mitumbwi inarudi, lile ni somo la biolojia bila ubao.

Kuna tena wazee. Mwanahistoria mmoja, David Newbury, aliwasikiliza sana, na mu 1991 akatoa kitabu juu ya wafalme na koo za kisiwa. Yeye alitoka Marekani. Sisi tunaona kisiwa toka kilima cha masomo na hatujauliza hata neno moja.

Mwaka jana matembezi yalikatazwa juu wazazi waliogopa. Hatuwalaumu. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama karibu ya bandari ya Kituku, Goma. Watu wengi walikufa wakiona nchi kavu. Na sisi wenyewe tulipanda siku moja pirogi ya mota kwenda arusi: watu zaidi ya 30, jile za kuokolea mbili, na moja mwenye pirogi alikuwa ameikalia.

Lakini kukaa nyumbani hakutatuokoa. Kesho tutapanda tu, kwenda soko, kwenda matanga. Wengi wetu tumezaliwa karibu ya ziwa na hatujui kuogelea! Kwa hiyo tunaomba mambo haya: kwanza tufundishwe kuogelea, pahali maji ni mafupi, na wenyeji watuonyeshe pahali pazuri. Kiisha tutoke mu Juni, asubuhi mapema, kila mtu na jile yake, na hesabu ya watu ifanywe na mwalimu, si na mwenye pirogi.

Pesa ya jile tuko tayari kuitafuta kwa kuuza mandazi na kulima mashamba ya watu siku ya posho. Bwana Prefe, tunangoja jibu mbele ya Pasaka, ili tuwe na wakati wa kujifunza.