Kiwanda kikisema «hakuna faida», tuulize: hasara ilizaliwa wapi?



Kila mara kiwanda kinapotaka kupunguza wafanyakazi, tunasikia neno moja: «Hakuna faida.» Na sisi tunanyamaza, juu tunafikiri hesabu ni ya wakubwa. Hapana. Hesabu ya kiwanda inasomeka.

Tuchukue mfano. Kiwanda kinauza sabuni ya dola 100.000 kwa mwaka. Mafuta ya mawese, soda, umeme wa mashine na mshahara wa wanaotengeneza sabuni vinakula 70.000. Zinabaki 30.000. Hiyo njo faida ghafi, ile wanaita marge brute: 30 kwa kila 100. Kisha ofisi, walinzi, magari, matangazo, kodi na riba ya benki vinakula 36.000. Mwaka unaisha na hasara ya 6.000.

Angalieni vizuri: sabuni yenyewe haikuleta hasara. Hasara ilizaliwa nje ya mashine. Kumfukuza mtu wa kwenye mashine hakuponyi ugonjwa ulio mu ofisi.

Lakini faida ghafi nayo inaweza kuanguka. Umeme ukikatika, kiwanda kinawasha jenereta na mazutu inakula makuta. Faranga ikishuka, soda ya kutoka nje inapanda bei. Barabara ikiharibika, mawese yanafika kwa bei kali. Hapo wa kuulizwa si mkubwa wa kiwanda peke yake, ni serikali pia.

Na kampuni yenye mama yake ng'ambo? Inaweza kulipa huko pesa ya jina na ya ushauri. Mara nyingi malipo hayo yanatolewa chini ya faida ghafi. Tuulize ni ngapi.

Haya si maneno ya darasani. Wakati wa vita, kati ya 1999 na 2003, wafanyakazi wa Bralima ya hapa Bukavu walipoteza kazi. Mwaka 2015, watu 168 kati yao walipeleka malalamiko mpaka Uholanzi, kwao na Heineken, aliyekuwa mwenye Bralima wakati huo. Makubaliano yalipatikana 2017. Miaka mingi ya kungoja!

Tusingoje hivyo tena. Tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, na makampuni yanapaswa kutengeneza hesabu kila mwaka. Sheria ya kazi nayo inamtaka mwajiri awaarifu wajumbe wa sendika kwa maandishi mbele ya kufukuza watu wengi kwa sababu za uchumi. Mjumbe aliyeketi hapo aulize maswali matatu:

1. Faida ghafi ni ngapi kwa 100, mwaka huu na miaka mitatu iliyopita?
2. Chini yake, nini kilipanda?
3. Mbele ya kugusa mishahara, mlikata wapi?

Asiyejibu anaficha kitu. Na sisi, tujifunze kuhesabu: haki ya mfanyakazi iko pia mu karatasi ya hesabu.

Vijana, tuamke!