Mwenendo wa Mgeni na Kalamu ya Mtumishi

Wiki chache tu baada ya Tanganyika kujipatia Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Serikali iliwaamuru Wazungu kadhaa waondoke nchini. Kosa lao halikuwa wizi wala ujasusi. Lilikuwa dharau: waliwavunjia heshima Waafrika hadharani, na miongoni mwao alikuwamo meneja wa hoteli moja ya Dar es Salaam. Wapo waliolalamika kwamba adhabu ilizidi kosa. Lakini katika mashamba ya mkonge, kama yale ya Ngerengere, ambako mfanyakazi alikuwa namba kabla ya kuwa mtu, maana ya amri ile haikuhitaji mkalimani.

Haki hiyo ya mwenye nyumba ingalipo. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, iliyochukua nafasi ya ile ya 1972, inaruhusu kumkataa mfanyabiashara wa dawa za kulevya, na hata mtu ambaye kuwapo kwake nchini, kwa maoni ya wenye mamlaka, hakufai. Hapo pa mwisho ndipo penye uzito. Jinai ina hati ya hukumu. Kutofaa hakuna hati. Kunategemea taarifa, na taarifa huanzia chini, kwa mtendaji wa kijiji au mwalimu mkuu anayeulizwa: huyu mwenendo wake ukoje?

Ngerengere swali hilo si jepesi. Mkonge wa Morogoro uliwavuta manamba hata kutoka nje ya mipaka, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Wapo waliobaki, wakaoa, wakalima. (Methali yetu humpa mgeni jembe siku ya tatu, hawa walipewa siku ya kwanza.) Mzee wa namna hiyo, asiye na karatasi kamili, akigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, neno moja “mkorofi” chini ya muhuri laweza kumwondoa alikozika wazazi wake. Aliyeliandika huwa amekwisha lisahau kabla ya magharibi.

Mwaka 1962 kitendo kilitajwa, na wananchi walikijua. Barua ya “tabia mbaya” haitaji kitu. Mtumishi anayeiandika hana budi aeleze ubaya gani, lini, mbele ya nani. Na mzee mwenyewe aitwe ofisini, asomewe, ajibu, na jibu lake liambatishwe kabla bahasha haijapelekwa Morogoro.