Serikali hulipia kitabu, haimlipi wa kukiazimisha

Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze nchini Kenya mwaka 2003, kila mwanafunzi wa shule ya umma hutengewa mgao wake wa fedha, na fedha hizo hufika shuleni zikiwa zimeshapangiwa kazi. Shule za msingi zilifunguliwa akaunti mbili: ya vifaa vya kufundishia, iliyopewa Sh650 kati ya Sh1,020 za kila mtoto kwa mwaka, na ya matumizi ya kawaida, iliyopata Sh370 zilizosalia. Mgao ulipanda baadaye hadi Sh1,420, yaani chini ya Sh500 kwa muhula. Katika mpango huo mkutubi hakutengewa fungu. Tume ya Huduma ya Walimu (TSC) huajiri walimu, na wafanyakazi wengine ni mzigo wa bodi ya shule. Bodi yenye umeme, maji, ukarabati na mshahara wa bawabu wa kulipia haitamfikiria mkutubi.

Athari zake huonekana zaidi katika mitaa inayokua kwa kasi kama ya Njiru, kaunti ndogo ya Nairobi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu kuwa na wakazi 626,482. Palipo na msongamano, chumba cha maktaba huwa cha kwanza kugeuzwa darasa. Vitabu huhamia kwenye kabati la ofisini, na anayeitwa mwalimu wa maktaba ni mwalimu mwenye vipindi vyake kamili aliyeongezewa ufunguo. Kitabu kikipotea, huulizwa yeye. Kikisomwa na watoto arobaini hadi kikachakaa, hakuna anayempongeza. Mtu akiwekwa katika hali hiyo, lililo salama kwake ni kutia kufuli. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la kuazimisha vitabu halijiandiki lenyewe.

Wapo watakaosema kwamba serikali imeshafanya sehemu yake. Tangu Januari 2018, wachapishaji hupeleka moja kwa moja shuleni vitabu vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), lengo likiwa kitabu kimoja cha kila somo kwa kila mtoto. Mpango huo uliziba mianya ya ulaji, na haufai kuvunjwa. Lakini ulihusu vitabu vya kiada. Mtoto hawi msomaji kwa kurudia sura zilezile za kiada. Huwa msomaji kwa hadithi, magazeti na kamusi alizojichagulia mwenyewe. Mtaala wa umilisi nao humtaka atafute maarifa nje ya maelezo ya mwalimu. Atayatafuta wapi, ikiwa shuleni mwake hakuna rafu iliyo wazi?

Wengine watatuelekeza kwenye maktaba za umma. Eneo la Eastlands jijini Nairobi linazo huko Buruburu, Kaloleni na Makadara, lakini haifai mtoto wa Njiru alazimike kupanda matatu na kulipa nauli ili asome hadithi. Isitoshe, Jedwali la Nne la Katiba lilikabidhi kaunti maktaba na kuiachia serikali kuu shule za msingi na sekondari. Maktaba iliyo ndani ya shule imebaki katikati, kila upande ukiihesabu kuwa kazi ya mwenzake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba fedha hazipo: mgao wenyewe huchelewa, na walimu hawatoshi. Ni kweli, na ndiyo maana haifai kudai mkutubi mwenye shahada katika kila shule. Inawezekana shule tatu au nne jirani zishirikiane kumtumia mkutubi mmoja mwenye cheti, anayezizungukia kwa zamu, akifundisha walimu na wanafunzi wasaidizi kutunza daftari. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya vitabu vya umma vinavyoliwa na mchwa na vumbi vikiwa vimefungiwa. Bunge nalo lingeanza kwa kuviondolea vitabu ushuru wa VAT wa asilimia 16 uliowekwa mwaka 2013.

Wizara ya Elimu ibadilishe kanuni: itenge fungu la maktaba katika mgao wa kila mwanafunzi, hata likiwa dogo, na iruhusu litumike kumlipa mtu na kununua vitabu vya hadithi. Kaunti ya Nairobi nayo itie saini makubaliano na wizara ili wakutubi wake wahudumie shule zilizo karibu. Wazazi wa Njiru, katika mkutano ujao wa shule, msiulize idadi ya vitabu vilivyoletwa pekee. Ulizeni vingapi viliazimwa muhula uliopita.