Majina ya Wachaga na Mti wa Kompyuta
Vijana wasomao kompyuta katika vyuo vya Moshi, mji wenye chama kikuu cha ushirika wa kahawa, KNCU, kilichoasisiwa mwaka 1933, aghalabu hulalamika kwamba somo la miundo ya data ni gumu na halina faida, nami sioni insafu katika lawama hiyo. Hebu mmoja wao apewe daftari la wakulima wa chama hicho, ayagawe majina katika visanduku kwa herufi ya kwanza: Massawe, Mushi, Mosha, Minja, Mmari na Mtui watarundikana katika M, na visanduku vingi, ukiondoa vya kina Kimaro, Lyimo na Tarimo, vibaki karibu vitupu. Akigeukia mti wa utafutaji, ambamo jina litangulialo kialfabeti huwekwa kushoto na lifuatalo kulia, naye akayaingiza majina yakiwa yamekwisha kufuatana kialfabeti, mti utarefuka bila tawi kama mgomba, maradhi ambayo Adelson-Velsky na Landis, wanahisabati wa Kisovieti, waliyapatia dawa mwaka 1962 kwa kuuzungusha mti kila uelemeapo upande mmoja, hata jina moja katika milioni likapatikana kwa ulinganisho usiozidi thelathini. Walimu, basi, na watoe mazoezi kwa majina ya Wachaga wa Kibosho na Marangu, si kwa tarakimu tupu za vitabuni.